Nilimnyima Mwanangu Choo, Nikamsingizia Mwalimu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kumtafutia mwengine lawama. Watu walishalaumu mtu, tena walimlaumu kwa nguvu zao zote, na mtu mwenyewe siye.

Mimi naishi Mombasa, Mji wa Kale, upande unaoelekea Makadara. Mume wangu ana duka la vitambaa, na juu ya duka ndiko tunakokaa, sisi na watoto wetu wawili na mavyaa wangu, mamake mume wangu. Mtoto ninayetaka kumzungumzia ni yule mkubwa, msichana, yuko gredi ya nne. Nitamwita Zuhura, ingawa silo jina lake.

Kwetu mambo ya tohara, usafi wa ibada, ni makubwa. Nimelelewa hivyo, kisha nikaolewa katika nyumba iliyozidi. Nguo ikirukiwa na tone la mkojo haiswaliwi, na msahafu hushiki. Mavyaa wangu akitoka bafuni huosha mpaka kitasa cha mlango. Nami miaka yote nilitaka aone kuwa mke wa mwanawe si mchafu, kwa sababu hakuwahi kunisifu hata kwa wali. Uovu wangu wote ulianzia hapo, katika kutaka kusifiwa na mtu mmoja.

Zuhura akitoka shule huenda moja kwa moja madrasa, na sare ile ile, buibui juu. Sasa vyoo vya shule yao, lo, hata sijui nikueleze vipi. Maji ya mfereji huja yanapotaka. Mna pipa moja na kopo moja la kuchambia kwa watoto wote wale, na sakafu imerowa tangu asubuhi. Siku moja nilikwenda kumchukua mapema nikaingia mle, nikatoka nimeinua buibui langu mpaka magotini. Nikafikiria mwanangu anavyorukiwa mle kisha alasiri anakwenda kushika msahafu.

Nikamwambia, "Zuhura, kile choo usikiingie. Ukibanwa, jizuie. Madrasa kuna choo safi na maji yako tele, utakwenda huko."

"Na nikishindwa, mama?"

"Usinywe maji sana, hutashindwa."

Hebu nisikilize mwenyewe maneno yangu. Na joto letu hili la Mombasa, mtoto mdogo vile, namwambia asinywe maji. Chupa nikimjazia kila asubuhi, maana mavyaa wangu angeuliza. Jioni ikirudi imejaa vile vile nilivyoijaza, nikimbusu, nikimwambia huyu kweli ndiye mwanangu. Naye akifurahi.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa msichana wa Kigiriama, kwao Kaloleni, Mkristo. Nitamwita Mwalimu Dama. Hakuwa mwalimu wa serikali, alikuwa wa bodi ya shule, na walimu wa bodi unajua walivyo, leo yupo, kesho hayupo. Yeye hakuwa na habari ya "ngoja kengele". Alitundika kibao cha mbao karibu na mlango. Aliyebanwa anakichukua, anatoka kimya kimya, akirudi anakitundika. Hakuna kunyoosha mkono, hakuna kuomba mbele ya wenzako.

Akaona Zuhura hakigusi kile kibao. Akaona anavyokaza miguu chini ya dawati, anavyokatisha kuandika akafumba macho mpaka impite. Siku nilipokuja kumpelekea kitabu alichosahau, akanivuta kando.

"Mama Zuhura, mtoto anabana. Namwambia nenda, yeye hujibu mpaka madrasa. Na maji hanywi kabisa. Nimeona si vizuri nikae kimya nisikwambie."

Mtu amekuja na jambo la mwanangu, tena kwa adabu. Unajua nilimjibu nini? "Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Haya ya tohara huyajui, kwenu hamna."

Palikuwa na wazazi wengine pale, lakini walikuwa mbali kidogo, hawakusikia. Yeye alisikia vizuri. Uso ulimshuka, kisha akasema polepole, "Haya, mama. Lakini akikichukua kile kibao, mimi sitamzuia."

Nilirudi nyumbani nimefura. Niliona huyu mwanamke ananishinda kwa mwanangu mwenyewe. Zuhura aliporudi nikamkalisha kitandani, nikamwambia neno ambalo mzazi halisemi ovyo.

"Ukiingia choo kile, mimi radhi sina nawe."

Kwetu radhi ya mama si mchezo. Mtoto anafundishwa tangu hajajua kusoma kuwa mama akimnyima radhi, pepo haioni. Nilimtisha mtoto na moto wa Mwenyezi Mungu kwa sababu ya choo. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, na toka siku ile hakuniuliza tena habari ya kushindwa.

Alianza kusema kunamuuma akikojoa. Nikampa maji ya shayiri, nikasema ni joto. Ikaja homa, nikasema ni malaria, nikamnunulia dawa. Asubuhi moja alikuwa anatetemeka kitanda kizima, anatapika, amejishika ubavu kwa nyuma, kusimama hawezi. Mume wangu akambeba ngazi zote mpaka kwenye tuktuk, nami nyuma yake sijui hata nimevaa viatu gani.

Hospitali wakampima, wakamlaza, wakamtia dripu. Daktari akatwambia maradhi yalianzia kwenye kibofu yakapanda mpaka kwenye figo, tena yamekaa siku nyingi. Akatugeukia. Mume wangu alikuwa upande huu, mavyaa wangu upande ule.

"Huyu mtoto ana tabia ya kubana mkojo? Shuleni kwao wanaruhusiwa kutoka wakati wa masomo?"

Swali jepesi kabisa. Ningesema, daktari, ni mimi niliyemkataza, na pale pale yangekwisha. Mume wangu angenifokea, mavyaa angeninunia mwaka mzima, basi. Nikamtazama mavyaa wangu usoni, nikasema, "Mwalimu wao mkali. Hawaruhusiwi."

Zuhura alikuwa macho. Alinisikia.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini alitoka nje ya wodi akajirekodi sauti, akaituma kwenye kundi la wasapu la wazazi. Amemtaja mwalimu kwa jina, na katikati ya maneno analia. Mwanamume mzima analilia binti yake, nani ataisikia ile sauti asiitume mbele? Adhuhuri haijafika ilikuwa imeshavuka mpaka Kisauni, kwa watu tusiowajua wala hawatujui. Huko watu wakaanza kubishana. Wengine wanasema mtoto aachwe atoke darasani akibanwa, wengine wanasema ukiwaacha watazurura hawatasoma. Kila mtu akamkumbuka mwalimu wake aliyemfanya akajikojolea mbele ya wenzake, na hasira zote zile wakamshushia Mwalimu Dama. Wengine wakaingiza na kabila lake, na dini yake. Nilizisoma meseji zote, nimekaa kando ya kitanda cha mwanangu, na sikuandika hata neno moja.

Kisha ukaitwa mkutano shuleni. Kulijaa mpaka watu wanasimama madirishani. Mwalimu Dama akaeleza habari ya kibao. Wazazi wawili wa darasa lile walisimama wakasema ni kweli, watoto wao hutoka wakitaka. Wakazomewa. Bwana mmoja akauliza, kama ni kweli, huyu aliyelazwa amelazwa kwa nini? Mwengine akasema basi anawachagua, wengine anawaacha, wengine anawanyima. Ukumbi wote ukaitikia, eeh, anawachagua.

Mwalimu Dama akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mama Zuhura, wewe unajua. Tafadhali waambie."

Watu wakanigeukia wote. Nilikuwa na nafasi ya pili, na Mungu ananiona nasema kweli, maneno yalinifika mpaka ulimini. Nikasema, "Mimi mwanangu yuko hospitali. Sina la kusema."

Wanawake waliokuwa karibu nami wakanishika mabega. Mmoja akalia. Mwalimu Dama akakusanya karatasi zake mezani, na bodi ikamwachisha kazi siku ile ile.

Zuhura alitoka hospitali Mungu alipojaalia. Figo moja limebaki na kovu. Tunampeleka kila mara apimwe, na daktari hatwambii kuwa yamekwisha, hutwambia tuangalie. Shuleni yuko mwalimu mwengine, kibao kimeondolewa, na siku hizi hatoki mtu mpaka kengele ilie. Wale wazazi waliozomea hawana habari, na watoto wao wanabana.

Nyumbani, Zuhura akitaka kwenda chooni huja akasimama mlangoni akanitazama. Hata nikiwa na wageni. Namwambia nenda mwanangu, hapa kwenu, nani amekukataza? Ananijibu, "Sema kwanza uko radhi." Nasema niko radhi, ndipo anakwenda. Baba yake hucheka, hudhani ni mchezo wetu wa mama na mwana.

Siku moja akaniuliza, nikimsuka nywele. "Mama, Mwalimu Dama alikuwa akiniambia niende. Mbona ulisema vile?"

Nikamwambia, "Nyamaza, babako asikusikie."

Amenyamaza. Hata akiumwa sasa haniambii, huwa mpaka nimguse nihisi mwili una moto. Ole wangu mimi.

Na mavyaa wangu, yule niliyemtafuta kwa yote haya, sasa ananisifu. Wakija wageni huwaambia, "Mkaza mwanangu huyu mnayemwona ndiye aliyemtetea mjukuu wangu." Wanawake wananisimamisha njiani kunishukuru. Juzi amekuja mmoja, kijukuu chake kinasoma shule nyengine, anataka niende nikazungumze na wakubwa wa shule, maana mwalimu wa huko pia anawanyima watoto ruhusa. Nikamwambia naumwa na kichwa. Nilikwenda nikajifungia bafuni nikafungua maji yamwagike ili wasinisikie nikilia.

Mwisho nilishindwa kulala, nikauliza anakokaa Mwalimu Dama. Alikuwa amepanga chumba Bondeni. Nilimkuta anafunga mizigo. Alikuwa ameshajaribu shule nyengine tatu nne humu mjini, na kila anakoingia wameshaisikia sauti ya mume wangu. Anarudi kwao.

Hakunifukuza. Alinipa kiti, yeye akakaa juu ya begi. Nikamweleza yote, nalia, kamasi zanitoka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Zuhura anakunywa maji sasa?"

"Anakunywa, mwalimu."

"Vizuri." Akaikaza kamba ya mzigo mmoja. "Mama, kusamehe nitakusamehe, nikikaa na kinyongo nitajiumiza mwenyewe. Lakini hukunikosea chumbani humu. Nenda kawaambie wale."

"Mume wangu ataniacha, mwalimu."

"Huenda," akasema. Akainuka akaendelea kufunga kamba zake.

Hayo si ya jana. Mwalimu ameshaondoka. Kila siku nalifungua lile kundi la wazazi, nabonyeza pa kurekodi, nasikia pumzi yangu mwenyewe, naachia. Nasema nitangoja mume wangu atulie kwanza na biashara, nasema Ramadhani ipite, nasema mavyaa wangu ana presha. Sababu haziniishi.

Mwenzangu unayesoma, wewe mwenye mtoto shuleni, usijidanganye kuwa mambo haya ni ya walimu peke yao. Mwulize mwanao anakojoa wapi na saa ngapi, na umsikilize. Kama choo hakina maji, nenda ukapige kelele kwa wakubwa wa shule, nunueni mapipa, jitoleeni msafishe. Nguo hufuliwa, ndugu yangu. Mtoto akibanwa mwache atoke, hata kama ni katikati ya somo, hata kama mle ni pachafu kiasi gani. Radhi yako usiifanye fimbo, maana mtoto huiamini kuliko anavyouamini mwili wake unaomuuma. Na siku daktari akikuuliza, jibu kweli pale pale, kabla watu wengine hawajaingia katikati. Baada ya hapo utakuwa huna nguvu tena.

Mimi nimeandika haya bila jina kwa sababu ni mwoga. Mwalimu aliniambia nikawaambie wale. Nimekuja kuwaambia nyinyi, msionijua.