Sanduku Linatangulia

Octave wa Kimanga, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, hakuwa mvuvi kama baba yake, wala mkulima kama wajomba zake wa Nyakabere. Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea Wazungu raha porini. Watu walimwita boi wa kambi.

Mzungu wake alikuwa bwana wa pamba kwenye uwanda wa Ruzizi, jina lake Verlinden, na mkewe kila mtu alimwita Madame. Joto la ziwani likiwazidi, Jumamosi walipanda mlima hadi kwenye kiwanja cha majani ng'ambo ya mto Kalimabenge, wakalala hemani. Hema lenyewe, kwa Octave, halikuwa kitu. Mtu yeyote anaweza kulala hemani akaamka mgongo unamuuma na shingo imeliwa na mbu. Kambi ni vile vitu ambavyo mtu angevikosa na asife: kiti cha turubai cha kukunja, beseni lenye miguu yake, chandarua, termos ya kahawa, kulabu ya kutundikia taa, kiberiti katika kopo lililozibwa kwa nta, na kizulia cha kukanyagia asubuhi ili nyayo zisikutane na umande. Vyote viliingia katika sanduku moja la bati, na Octave angeweza kuvipanga macho yamefumbwa.

Na sanduku lilitangulia. Hiyo ilikuwa sheria ya Madame. Boi anaondoka alfajiri na mzigo kichwani. Wenyewe wanafuata jua likipoa, mikono mitupu, na wakifika wanakuta viti vimekunjuliwa na maji yanatoa mvuke. Moto ukishawashwa, hauachwi. Mara moja tu Octave aliuacha, akateremka kuwapokea kwa sababu walikuwa wamekawia. Madame alipofika alichovya kidole katika beseni. Hakumpiga, hakumfokea. Aliliinua beseni akayamwaga maji yale ya baridi, polepole, juu ya miguu ya Octave, huku akimtazama usoni. Tangu siku hiyo Octave hakusogea tena mbali na moto.

Mwaka wa sitini uhuru ulipofika, Wazungu walivuka mpaka mbio kwenda Usumbura, upande wa Burundi, magari yamejaa mbwa na mapazia. Verlinden alimwachia sanduku kwa kuwa halikupata nafasi garini. Mtaa mzima ukaja kulitazama. Viti vikakunjuliwa uani, na jirani yao Firmin, mshonaji wa nyavu, akajitupa katika kimoja akanyoosha miguu.

“Boi! Kahawa!”

Watu wakaangua kicheko. Octave naye alicheka, kisha akaingia ndani, akatoka na kahawa.

“Ah, Octave! Minye nilikuwa nacheka tu,” Firmin akasema, aibu imemshika. “Kaa na weye. Si ni uhuru?”

“Nitakaa. Kunywa kwanza, isipoe.”

Apolline, mke wa Octave, alikuwa amesimama mlangoni. Watu walipotawanyika alimwuliza, “Kiti iko yako, na weye unasimama. Hii uhuru ni ya nani?”

“Mgongo wangu haijazoea.”

“Itazoea lini?”

Octave aliinama. Alikuwa akiufuta mguu wa kiti, mahali ambapo Firmin alikuwa ameacha matope.

Miaka ile Apolline alishika mimba, ikatoka, akashika tena, ikatoka. Ulipofika mwaka wa sitini na nne, alikuwa na moja iliyokataa kutoka. Waasi nao waliingia Uvira msimu huo, majani yamefungwa vichwani, na askari wa serikali wakatupa viatu wakakimbia. Kisha zikaja ndege. Zilipita juu ya ziwa, zikageuka, zikarudi zikipiga mabomu, na watu wa Kimanga wakaanza kupanda mlima na magodoro yao. Firmin alikuwa amevuka kwenda Burundi kutafuta pa kuwahamishia watu wake. Mkewe, Ernestine, alibaki peke yake. Tumbo la Apolline lilikuwa limeshuka. Mtoto alikuwa wa siku yoyote.

Octave alilifungua sanduku, akapuliza vumbi.

“Mutoto wangu hatazaliwa mu matope kama mbuzi,” alisema. “Minye nitatangulia. Weye utakuja polepole na Ernestine, jua ikipoa. Ukifika, kitanda iko, chandarua iko, maji iko moto.”

“Twende pamoja,” Apolline akasema. “Hivi vitu vya Bazungu uviache. Wenye kuviiba baviibe.”

“Na mutoto atalala wapi?”

“Juu yangu.”

“Mama, unisikilize. Hii kazi minye naijua.”

Apolline alitaka kubishana, akauona uso wake. Hakuwahi kuuona umeng'aa vile. Mara hii kambi ilikuwa ya mtu wake mwenyewe. Akanyamaza, na kunyamaza huko alikujutia maisha yake yote.

Octave aliondoka alfajiri. Alivuka Kalimabenge kwenye mawe, maji yakimfika kwenye vifundo, akapanda hadi kile kiwanja cha Wazungu. Alikata majani akayatandika, akafunga chandarua tawini, akaweka kizulia pale ambapo mguu wa Apolline ungeshukia. Beseni aliliweka kivulini. Kiti alikielekeza njiani ili yeye mwenyewe amwone akija, kisha akakigeuza kilitazame ziwa, maana Apolline ndiye angekikalia. Akawasha moto, akateleka birika.

Jua lilipoa. Juu kileleni wingu likafunga, mvua ikaanza kule kabla ya kufika huku. Octave alisikia mto ukibadilisha sauti. Akasimama. Akateremka kidogo, akageuka kuutazama moto: ulikuwa unafuka. Alifikiri labda wamepitia njia ya juu; watafika, hawatamkuta mtu, maji yatakuwa baridi. Akarudi. Akachochea. Mvua ilipomfikia aliukinga moto kwa turubai la kiti, na maji yalipopungua kwa kuchemka akaongeza mengine. Mara kwa mara alisimama, mara kwa mara akachuchumaa. Ernestine anajua pa kuvukia, alijiambia. Giza likaingia, naye akatundika taa ili waione.

Chini, mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Wanawake walifika mtoni wakati maji yangali ya magoti, lakini uchungu ulikuwa umemshika Apolline njiani na miguu haikumtii tena. Alihitaji kubebwa, na Ernestine hakumweza. Ernestine aliita kuelekea juu, “Octave! Weee Octave!” mpaka sauti ikamkatika. Kisha maji yakaja, mekundu, yakisukuma mawe. Walijibanza chini ya mwamba uliowakinga vichwa tu. Mtoto alizaliwa pale, msichana, akalia vizuri kama watoto wote. Nguo za wanawake wote wawili zilikuwa zimelowa. Kabla ya mapambazuko alikuwa amenyamaza.

Kulipokucha maji yalishuka, na Ernestine akapanda. Alimkuta Octave amechuchumaa, macho mekundu kwa moshi, birika linatokota. Aliitazama taa, akalitazama beseni, akakitazama kizulia kilicholala sawasawa kando ya kitanda.

“Uko unachemsha maji,” alisema kwa sauti iliyobaki. “Twiko tunakuita, na weye uko unachemsha maji.”

Octave aliteremka mbio, na mkononi, bila kujua alivyoishika, alikuwa na termos. Alimkuta Apolline ameegemea mwamba, mapajani ana kitu kilichofungwa katika kitenge. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, mvuke ukatoka.

“Kunywa. Iko moto.”

Apolline aliutazama mvuke ule.

“Tulikuita.”

“Sikusikia, mama. Mvua...”

“Mto ilikuwa ku magoti. Ungenibeba.”

“Nilifikiri mukifika mukute moto imezimika...”

“Hakukuwa na ugonjwa, Octave. Ilikuwa baridi tu.” Aliuvuta upande wa kitenge akamfunika mtoto uso. “Alitaka mwili ya muntu wa kumupasha moto. Yangu yote ilikuwa maji.”

Walimzika pale juu ya ukingo. Octave alichimba kwa mikono na kwa jiwe, na hawakumpa mtoto jina. Sanduku na vitu vyake vyote waasi walivikuta kiwanjani, wakavibeba kumpelekea mkubwa wao, na Octave hakwenda kuvidai. Wakati huo alikuwa na Apolline katika kibanda cha watu wengine, chenye moshi na viroboto, wamelala watu wengi mguu kwa mguu. Kulikuwa na joto.

Vita vilipotulia walirudi Kimanga. Octave alipata kazi ya kufyatua matofali. Apolline hakumwacha, hakumtukana, hakumsema kwa majirani. Alimpikia. Walikwenda misa pamoja. Lakini mvua ikinyesha milimani, Octave alianza kueleza, kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu: kwamba alisimama, kwamba aliteremka kidogo, kwamba aliuona moto unafuka, kwamba alidhani wamepitia njia ya juu.

Jioni moja alieleza hivyo tena, tangu mwanzo. Apolline alikuwa akichagua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akitoa mchanga. Alimwacha afike mwisho.

“Najua,” akasema, hakuinua macho. “Ulikuwa ku kazi.”