Kidole Nilichokishona Mwenyewe

Hapa Mpanda ukiona ng'ombe wa plau wanavuta kwenye tope na mkanda haukatiki, uliza nani kaushona. Utaletwa Majengo, kwenye banda langu. Shule niliishia darasa la nne, na kushona ngozi hakuna aliyenifundisha. Nilifumua mikanda ya mafundi wengine mmoja mmoja mpaka nikazijua siri zao zote, halafu nikawapita.

Kwa hiyo siku kisu cha ngozi kiliponiteleza na kunipasua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, pale kinapoungana na kiganja, sikwenda hospitali. Nilichemsha uzi na sindano, nikajishona kwa mkono wa kushoto. Mishono saba. Mke wangu alinishikia kidole huku amegeuzia uso ukutani.

"Mzee, twende tu hospitali."

"Kuna nani huko anayeshona kunishinda?"

Na kovu lilikuja zuri, sitasema uongo, limenyooka kama mshono wa kiti cha pikipiki. Ila kidole hakikukunjika. Kilibaki kimesimama kama kinamwelekeza mtu njia. Shazia, ile sindano yetu nene, huwezi kuivuta na kidole kilichosimama. Mwezi ukapita, ukaja wa pili. Wasukuma wa Majimoto wakaanza kuulizia mikanda maana mvua zilikuwa zinakaribia, na mimi nikawa nawaambia wiki ijayo, wiki ijayo. Hakuna kazi nyingine ninayoijua. Hapo ndipo nikaenda.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, akaugeuzageuza mkono.

"Nani alikushona, baba?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Huyu unayeongea naye."

Alicheka, kisha akaacha ghafla. Akanieleza kwamba nilifunga mlango mwizi akiwa ndani. Chini ya ngozi kuna kano, kamba nyeupe inayokunja kidole, na ile ilikatika. Ningekuja siku ileile angeziunganisha ncha mbili. Sasa zimejikunyata, hazifikiani. Ilibidi achukue kano nyingine kwenye mkono huohuo, ile nyembamba isiyo na kazi kubwa, aipitishe kidoleni.

"Sawa," nikasema. "Ila uishone ninavyoshona mimi. Mishono mingi, ya karibukaribu, uzi uzungushwe juu."

"Ukishona hivyo itachomoka."

"Binti, mimi nimeanza kushona hujazaliwa."

"Basi baba, nenda buchani, omba kano ya mguu wa ng'ombe. Ikate, ishone unavyojua, ining'inizie ndoo. Halafu uje unifundishe."

Nilirudi nyumbani na kano, nikashona huku mke wangu ananipitishia sindano pale kidole kilipogoma. Mishono ishirini. Tukaitundika kwenye boriti, tukafunga ndoo, mke wangu akaanza kumimina maji. Ndoo haijafika nusu, kano ikaachia. Uzi wangu ulikuwa mzima! Nilipoangalia vizuri nikaona: kano si ngozi. Nyuzi zake zote zimelala upande mmoja, kama katani, na uzi ulikuwa umeteleza katikati yake kama kitana kwenye nywele. Kila tundu nililoongeza lilikuwa linaisaidia kupasuka.

"Na hicho ndicho ulichotaka akufanyie," mke wangu akasema, miguu yake imelowa maji.

Nilirudi kwa yule binti, nikamwambia maji yalimwagika kidogo. Akanionyesha kwa kamba ya kiatu: unapasua upenyo kwenye kano moja, unaipitisha nyingine humo, halafu upenyo mwingine kwa kukatiza, mara tatu, kama kusuka ukili wa mkeka. Kila pito linafungwa kwa uzi. Hapo kano inaishika kano, uzi ni msaidizi tu. Nilijaribu nyumbani. Ndoo ikajaa, mke wangu akaongezea na jiwe la kusagia. Haikuachia.

Siku ya upasuaji nilipigwa ganzi ya maumivu tu, macho wazi, ili nikunje kidole akiniambia. Alipoichomoa ile kano nyembamba, ncha ya mbele aliifunga kwenye mfupa wa ncha ya kidole. Ile ya nyuma akaipitisha mara moja kwenye kano ya zamani kiganjani, akaishikiza kwa uzi kwanza.

"Baba, napima urefu. Kunja taratibu."

Kumbuka, maisha yangu yote mkanda ukiisha nauvuta kwa nguvu zangu zote mbele ya mteja, ajue ni wa nani. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikavuta.

Kidole kikaja nusu, kikalala chali.

Nilisikia mkasi ukiwekwa kwenye sinia.

"Nani kakwambia uvute?"

Aliinama juu ya kiganja, akachungulia.

"Ncha imechanika. Naikata hapa, inabaki ya kutosha tu. Ikichanika tena, sina kano nyingine kwenye mkono huu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita daktari.

Akasuka. Pito la kwanza, la pili, la tatu, nahesabu kwa kuangalia bega lake. Jasho lilinitoka mpaka masikioni. Kisha akasema, "Kunja kama umeshika kifaranga."

Nikamshika kifaranga. Kidole kikainama polepole, ncha ikagusa kiganja, ikakaa.

Wiki nyingi sikuruhusiwa kushika hata kikombe kwa mkono ule. Mvua zilinyesha, Wasukuma wakanunua mikanda kwa fundi mwingine, mibovu, nikawaona wakiirudisha imekatika. Sasa nashona tena, na bado sijaona wa kunifikia. Ila mkanda ukiisha, siuvuti. Namkabidhi mwenye ng'ombe, namwambia vuta wewe. Na akiuvuta, bado najikuta nimebana pumzi.