Majarida ya Kompyuta ya Jashbhai

Saiba ya Mutanu, duka lake la intaneti pale Gatitu kando ya mji wa Nyeri, imebaki na kompyuta moja, printa moja, na mwenyewe. Zamani vijana walijaa hadi kizingitini wakingojea zamu ya kuwaandikia barua pepe wachumba ambao hawajawahi kuwaona. Siku hizi kila mtu anatembea na intaneti mfukoni, na anayeingia kwa Mutanu ni yule anayetaka fotokopi ya kitambulisho, au kujaziwa ritani za kodi siku ya mwisho. Huwahudumia bila maneno mengi. Magoti yanamuuma, mwanga wa skrini unamwasha macho, na baridi ya mwezi wa saba, ambayo hapo awali aliizoea, sasa inamwingia mpaka kwenye mifupa.

Alikuwa anahangaika kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa wakati Parth, mwanawe marehemu Jashbhai, alipopiga simu kutoka mjini.

“Anti Mutanu, ile nyumba ya duka tumeiuza,” Parth alisema. “Mama anakuja kukaa na mimi Nairobi. Sasa huku stoo ya juu kuna maboksi ya magazeti ya mzee, yale ya kompyuta. Nilitaka kuyachoma, Mama akakataa. Ati mpaka wewe uyaone kwanza.”

Mutanu alidhani majarida hayo yalishakwisha, kama vile mzee mwenyewe alivyokwisha. Alisema tu, “Sawa, nitakuja,” akarudi kuivuta ile karatasi, ikakatika katikati.

Alikuja Nyeri akiwa msichana kutoka Kitui, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Vidole vyake vilikuwa vyepesi hata wageni waliokuja kwa shughuli zao walisimama kumtazama. Mmoja wao alikuwa Jashbhai, mwenye duka la vitambaa mjini, mwembamba, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na kaka yake Uingereza ambaye alimtumia kompyuta ndogo ya nyumbani, kitu cha ukubwa wa trei ya chai, kilichounganishwa na televisheni. Baada ya hapo kaka huyo akawa anamtumia majarida, na kila jarida lilikuwa na kurasa za programu ambazo msomaji alipaswa kuzipiga mwenyewe, mstari kwa mstari, herufi kwa herufi. Jashbhai alikuwa anapiga kwa kidole kimoja na kukosea kila mara. Alimwomba Mutanu amsaidie Jumamosi mchana baada ya kufunga duka, naye Mutanu, ambaye hakuwa na ndugu mjini wala pa kwenda, akakubali.

Walikaa stoo ya juu katikati ya marobota ya vitambaa. Jashbhai alisoma kwa sauti kutoka kwenye jarida, Mutanu akapiga. Nukta, mabano, koma, nambari ya mstari unaofuata. Ukisahau koma moja programu nzima inakataa. Umeme ukipotea, na ulipotea mara nyingi, kazi yote ya mchana ilifutika kama haikuwahi kuwapo. Ikiwa wamebahatika kumaliza, waliihifadhi kwenye kaseti kama zile za muziki, na kaseti ililia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Jumamosi moja walipiga programu ya mbio za farasi. Farasi wenyewe walikuwa herufi tu, zikisogea kutoka kushoto kwenda kulia kwa kusitasita. Jashbhai alichagua wake, Mutanu akachagua wake, na walipoona herufi zinaanza kutembea zenyewe kwenye kioo cha televisheni walicheka hadi Jashbhai akavua miwani kufuta machozi. Mutanu alirudi chumbani kwake jioni hiyo akihisi kwamba ameona jambo ambalo mji mzima haujaliona bado. Majarida yalisema mashine hizi zitampunguzia binadamu kazi. Aliamini.

Kisha akaolewa na Barnabas, askari polisi kutoka Busia, Jumamosi zikawa za kufua na kulea, na stoo ile akaiacha. Kompyuta zilipofika ofisini, makarani wa taipu walianza kupunguzwa. Yeye alibakizwa kwa sababu alikuwa tayari anazijua, akapewa kazi ya kuwafundisha mabosi waliokuwa wakimpa barua za kupiga. Walipojua kuzitumia, naye akapunguzwa. Akaenda kufundisha katika chuo kidogo cha jioni. Programu ya kuandikia aliyoifundisha ikapitwa, akajifunza nyingine. Disketi zikaondoka, akajifunza mambo ya sidii. Sidii zikaondoka. Barnabas alipofariki alichukua akiba yao akafungua saiba, na saiba ikampa miaka michache mizuri kabla ya simu kuja kuimaliza. Kila mashine aliyoizoea ilimfia mikononi, naye akaanza upya, kila mara akiwa mzee kidogo kuliko wanafunzi wenzake.

Kwa hiyo alipopanda ngazi za duka la Jashbhai siku iliyofuata simu ya Parth, akishika ukuta, hakupanda kwa hamu. Alitaka amalize arudi nyumbani.

Manorama, mjane wa Jashbhai, alikuwa ameketi juu ya stuli katikati ya maboksi, sweta juu ya sari, soksi nene miguuni. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

“Karibu, Mutanu. Umezeeka,” alisema.

“Ni kuzeeka tu, Mama Parth. Na wewe unaendelea aje?”

“Mimi niko. Kaa chini. Hii ngazi inaua watu.”

Walifungua boksi la kwanza. Panya walikuwa wamekula pembe, na unyevu ulikuwa umeshikanisha kurasa. Mutanu alizibandua polepole. Jalada baada ya jalada lilikuwa na picha ileile iliyopigwa upya: baba amevaa sweta, amesimama nyuma ya kiti, ananyoosha kidole, mtoto wa kiume ameketi mbele ya kibodi, na mama kwa nyuma, anatabasamu, amebeba chai. Palikuwa na tangazo la mashine ya kuchapa, ghali kama gari wakati huo, ambayo leo hata mnunuzi wa vyuma chakavu hangeitaka. Palikuwa na makala ya kuahidi kwamba ifikapo mwaka elfu mbili watu watafanya kazi siku tatu kwa wiki.

“Siku tatu,” Mutanu alisema, akalifunga jarida.

Manorama alikuwa ameshika jarida moja na kulitazama jalada lake kwa muda mrefu.

“Huyu mama na chai,” alisema. “Unamwona? Huyu ni mimi.”

Mutanu alitabasamu, akidhani ni mzaha. Manorama hakutabasamu.

“Nyinyi mlikuwa huku juu mnacheka. Mimi niko chini napika, nasikia. Halafu naleta chai, naweka hapo kwa marobota, narudi. Hakuna siku mtu aliniambia, Manorama, kaa, ona hii kitu.”

Mutanu alikumbuka chai ile, tangawizi yake, na vikombe vyenye maua. Mkono uliokuwa ukiiweka hakuukumbuka.

“Ulikuwa unafikiria vibaya, mimi na mzee?” aliuliza.

“Hapana. Jashbhai nilimjua, na wewe nilikujua. Sikuwa na wivu ya hiyo. Nilikuwa na wivu ya mashine.” Alilaza jarida magotini. “Shuleni nilikuwa napenda hesabu sana, Mutanu. Nikaolewa, nikaletwa hapa. Nilitaka kubonyeza kidogo tu, nione inasema nini.”

“Mbona hukusema?”

“Ungesema wewe?”

Mutanu aliwaza, akatikisa kichwa. Hata yeye hakuwahi kuomba kitu chochote katika chumba kile. Aliambiwa apige, akapiga.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kabatini, imefungwa kwa kitambaa cha pamba. Parth, aliyekuwa akibeba marobota hapo nje, aliitwa akaichomeka. Ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Akaichomoa haraka kabla haijaichoma nyumba.

“Imekufa, Mama,” alisema.

“Najua,” Manorama alijibu, akaanza kuifunga tena kwa kitambaa chake.

Mutanu alikuwa amechoka, na kwa haki angeweza kuaga hapo. Lakini alimtazama mwanamke yule akihangaika na fundo, na maneno yakamtoka. “Kwangu kuna kompyuta. Kwa mtandao kuna programu inafanya kompyuta ya sasa ijifanye hii ya zamani. Parth akikuleta kesho, nitakusomea, wewe upige.”

Kesho yake Parth alimleta na gari. Mutanu alikuwa ameshatafuta programu ile na kuiweka tayari, na jana yake alikuwa amechagua na kubeba kutoka stoo jarida lenye mbio za farasi kwa sababu kurasa zake zilisomeka. Alimwekea Manorama mto juu ya kiti ili aifikie meza vizuri, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Manorama alipiga kwa kidole kimoja, akiinamia kibodi kama mtu anayechambua mchele. Alitafuta kila herufi, akaipata, akaitazama kiooni kuhakikisha imefika. Wateja waliingia. Mutanu aliwatolea fotokopi kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono mwingine kikiwa kwenye mstari waliofikia. Chai aliitengeneza mwenyewe, akamletea, naye Manorama akaipokea bila kuondoa macho kwenye skrini.

Ilipofika alasiri walikuwa wamefika mwisho wa ukurasa. Migongo yote miwili ilikuwa inauma. Mutanu alimwonyesha kitufe cha kuanzisha, Manorama akakibonyeza. Kioo kiliandika mstari mmoja mfupi, kikasimama.

“Inasema nini?”

“Imekataa. Kuna kosa mahali.”

“Zamani pia ilikuwa hivi?”

“Mara nyingi ilikuwa hivi, Mama Parth. Tulikuwa tunaanza kutafuta kutoka juu.”

Manorama alisugua macho. Aliutazama ukurasa, akautazama mlima wa herufi alioupanda kwa kidole kimoja, akacheka kidogo, kicheko kikavu.

“Basi. Leo sina nguvu ya kutafuta. Lakini sasa najua mlikuwa mnafanya nini.”

Mutanu hakumshawishi. Yeye pia hakuwa na nguvu.

Wiki hiyo Parth alimpa mnunuzi wa karatasi kuukuu maboksi yote, yaende kutengenezewa trei za mayai. Mutanu alimpa ruhusa kwa simu, na alipokata hakusikia uchungu aliokuwa ameutarajia, ila uzito kidogo kifuani, uliopungua kabla ya jioni. Siku ya safari gari lilisimama Gatitu, Manorama akashusha kioo na kumshika mkono kwa muda. Manorama alimwambia avae soksi nene kwa ajili ya magoti, Mutanu akamwambia Nairobi hakuna baridi kama hii, atapumzika.

Gari lilipokwenda, palikuwa na mama mmoja mlangoni anayetaka kujaziwa fomu ya mkopo wa elimu wa bintiye. Mutanu alimwambia aketi pale anapoiona skrini, akaketi naye, akamwomba asome jina la binti polepole.