Kivuli Chetu, Viti Vyao

Leo nimemsikia mwanamume mzima akipiga kigelegele!

Ngojeni niwahadithie.

Sisi akina mama wa Bagamoyo tuliomba kibanda cha kivuli pale zahanati, maana tunangoja juani na watoto wachanga. Wakubwa wa mji wakajenga, na kujisifu wakajisifu.

Leo ndiyo ufunguzi. Twafika, kivuli kimejaa viti, na vitini wamejaa wao. Sisi tukaambiwa tusimame nje, eti watoto watachafua sakafu. Sakafu ya nani?

Karani wao akahutubu weee, mji unavyozipenda familia. Kisha akatugeukia: “Akina mama, vigelegele!”



Wote tunamtazama Bi Mwanaidi, aliyetufunda unyago. Asipoanza yeye, nani atathubutu?

Akatengeneza buibui lake. “Mwanangu, kigelegele hupiga mwenye raha. Raha iko huko ulikokaa wewe. Piga basi.”

Karani akawatazama wakubwa wake, wakamkodolea macho. Akapiga! Peke yake, kama jogoo aliyekabwa koo.

Aliyekuwepo aseme kama nazua.

Nimecheka njia nzima. Kufika nyumbani, namshusha mwanangu mgongoni, namgusa utosini: unawaka moto.