Ondoa Kuta Kwanza

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati, mwanangu, bado nakumbuka siku moja ya ujana wangu nilipoogopa kuliko siku zote.

Huko Kiwira kilijengwa chumba cha chanzo cha mionzi ya kukagulia mabomba. Mimi na rafiki yangu Lusajo tulipewa kazi ya kuiga kwa kompyuta safari ya mionzi ile, tujue ni kiasi gani kitapenya ukuta. Upande wa pili lilikuwa jiko la wafanyakazi, na mpishi alikuwa Atupele, mke wangu, mjamzito. Chanzo kilikuwa njiani kutoka Mbeya.

Lusajo aliandika programu. Jibu likatoka: ukuta unatosha.

"Shemeji apike ndizi zake kwa raha!" akacheka.

Moyo wangu ulikataa. Nikainama kuomba. Mkuu wetu, Mzee Ambakisye, akanikuta.

"Unaomba nini?"

"Hofu initoke, tata," nikamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Na kama ni Mungu aliyekupa? Inuka. Ondoa kuta kwanza."

Tukafuta kuta zote ndani ya kompyuta, chanzo kikabaki peke yake, kimezungukwa na vipima mionzi kwa umbali uleule. Chanzo kinachotoa chembe za mionzi sawa pande zote kilipaswa kusomeka sawa kila upande. Hakikusomeka hivyo. Chembe zilisongamana juu na chini. Upande wa jikoni zilikuwa chache.

"Chanzo chenu kinapenda dari kuliko watu," mzee alisema.

Lusajo alikuwa amegawa pembe sawasawa toka juu hadi chini, akasahau kwamba tufe linalokizunguka chanzo ni dogo kileleni, pana kiunoni. Tukagawa kosini ya pembe, yaani kimo kwenye tufe, badala ya pembe yenyewe. Vipima vyote vikasoma sawa. Tena jibu la kompyuta huwa la chembe moja, hivyo tukalizidisha kwa idadi ya chembe ambazo chanzo halisi hutoa kila sekunde. Tukarudisha kuta.

Ukuta haukutosha.

Nilikimbia kwenye tope, nikamvuta Atupele mkono.

"We baba, ndizi zitaungua!"

"Ziungue!"

Gari lililobeba chanzo lilikuwa limeshafika getini. Mzee alisimama mbele yake, na chanzo hakikushushwa hadi ukuta ulipoongezwa zege.

Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile sasa ni mama wa watoto, yuko Bulyaga. Kila akinisalimia namshukuru Mungu.

Basi, mwanangu, usiamini jibu lililopita kwenye kuta kabla hujakiona chanzo chako kikiwa peke yake. Jiulize kila jibu ni la chembe ngapi. Na hofu ikikujia, usiifukuze kabla haijasema ilichotumwa.

Bwana akulinde pande zote sawasawa, asiache hata upande mmoja.