Sauti ya Mdogo Wangu Dukani

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Mimi nilipiga gitaa la besi, mdogo wangu ngoma, na rafiki yetu aliimba na kupiga gitaa la solo. Mazoezi tulifanya Mtanda, kwenye banda la korosho nyuma ya nyumba yetu. Majirani waliuita muziki wetu kelele za Wazungu, ingawa maneno yote yalikuwa ya hapahapa Lindi.

Kisha mdogo wangu akapata saratani ya damu. Madaktari waliposhauri arudi nyumbani, tulimlaza chumba cha mbele, na rafiki yetu akahamia kwetu. Alimgeuza kitandani, akamfulia shuka. Mama akawa anamwita mwanangu.

Jioni moja mgonjwa aliomba beseni la plastiki. Akalifudikiza, akalipigapiga kwa vidole. Akakohoa, akacheka, akaita, "Mama, njoo usikie! Mkono bado upo." Rafiki yetu alirekodi kwa simu.

Tulimzika Kiswere, kwao mama. Arobaini ilipopita, rafiki yetu mwenyewe ndiye aliyesema, "Ile sauti ni ya mama. Haitoki humu ndani." Baadaye akaenda Dar kutafuta maisha. Simu zake zikapungua, mwisho zikakatika.

Habari kwamba ametoa albamu niliipata kwa mama. Alikwenda dukani kununua sukari, akarudi mikono mitupu, mguu mmoja hauna kandambili.

"Mdogo wako yuko dukani," aliniambia. "Anakohoa."

Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Nikakimbia hadi dukani, nikamwomba kijana wa dukani arudie wimbo uliopita. Likaanza beseni. Kikohozi. Kicheko. "Mama, njoo usikie!" Halafu magitaa yakaingia, na chini yake besi niliyoitunga mimi bandani, ikipigwa na mtu nisiyemjua. Kijana akaniambia ndiyo albamu mpya inayovuma Dar, ya bendi iliyofiwa. Bendi iliyofiwa! Na mimi mfiwa nilikuwa nimesimama pale, sijaulizwa hata neno.

Nilimpigia rafiki yetu kwa simu ya kijana yule, maana yangu hakuwa akiipokea.

"Kaka, nilitaka asisahaulike," alisema.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. Upole huo ndio ulioniuma kuliko yote. Nikamwambia asikanyage tena kwetu, nikakata.

Nilirudi nyumbani nikitegemea kumkuta mama analia. Nilimkuta amejitanda khanga, anatoka tena.

"Wapi, mama?"

"Dukani. Nimemwacha anaita, sikumwitikia."

Akawa anakwenda kila siku. Anakaa kwenye benchi, kijana anamwekea wimbo, naye pale mwanawe anapoita anaitikia, "Nakuja, baba." Wateja walishazoea. Hata rafiki yetu alipokuja, akitanguliza shikamoo mlangoni, mama alimjibu marahaba na kumpakulia chakula. Nilimuuliza baadaye amewezaje. Akasema, "Wewe ulitaka nikae kimya na kaburi. Yeye kaniletea sauti."

Siku aliyokuja walikula wawili, sinia moja, na mimi nilikwenda kukaa bandani. Niliwasikia wakicheka. Mpaka leo sijazungumza naye, na lile duka nalizunguka, napita njia ya nyuma.