Nyumba Nyeupe Kwenye Ramani ya Bahari

Mwaka ule baada ya uhuru nilikuwa mwalimu mpya Msambweni, nikikaa kwa shangazi yangu, mjane mwenye nyumba ya chokaa juu ya jabali linalotazama bahari.

Asubuhi moja alibisha hodi kijana wa bandarini Mombasa, amevaa soksi ndefu alizozirithi pamoja na kazi kutoka kwa Mwingereza. Alikuja kukagua kama alama za kwenye ramani za bahari bado ziko nchi kavu. Akazitandaza mkekani ramani tatu. Moja, ya safari ndefu, ilikuwa bahari yote hadi Bara Hindi. Ya pili ilikuwa ya kuifuata pwani, Mombasa hadi Tanga. Ya tatu ilikuwa ya kuingilia mlango wetu, ule upenyo katika mwamba wa baharini, imejaa tarakimu za kina cha maji. Nchi kavu ilikuwa tupu: hakuna shule, hakuna soko, hakuna sisi. Palikuwa na kijumba kimoja tu chenye maandishi madogo.

"Kumeandikwa nini hapo?" shangazi akauliza.

"Nyumba nyeupe, mama. Nahodha akiiona anajua amefika wapi."

"Kumbe meli zinanitegemea mimi!"

"Zinaitegemea nyumba, mama."

Hilo hakulisikia. Tangu siku hiyo hakukukalika. Nilikatazwa kuanika kanga upande wa bahari, nisije nikawapoteza mabaharia. Mwanawe alipotaka kujenga baraza ya makuti, aliambiwa akaombe ruhusa kwa manahodha. Harusini akijuliwa hali, alijibu kwamba anaendelea kuongoza meli, ingawa sikupata kuona meli hata moja ikiingia mlango ule.

Jirani yetu, mzee muuza mbata za nazi aliyejenga nyuma yetu, juu kidogo, alivumilia hadi Ramadhani. Idi ilipofika, nyumba yake ilikuwa nyeupe kuliko yetu. Shangazi aliingia uani kwake bila hodi.

"Utazamisha watu!"

"Watazama wako," mzee akasema. "Wangu watafika salama."

Hawakusemezana tena.

Kijana aliporudi, kila mmoja alimvutia kwake. Yeye aliomba ngalawa tu, akatoke nje ya mwamba. Shangazi alinituma niende naye niwe shahidi. Kule nje, tukisogea huku nyumba ziliachana, tukisogea kule ziliachana. Mara nyumba ya juu ikakaa sawasawa nyuma ya ile ya chini. Kijana akamwambia mvuvi aelekee hapo hapo, tukapita katikati ya mlango bila kugusa jiwe.

"Mwalimu," akaniambia akicheka, "moja ilituonyesha pwani. Mbili zimetupa njia."

Tuliporudi akatoa hukumu: ataomba zote mbili zichorwe, maadamu hakuna itakayoachwa ichakae, kwani moja bila ya mwenziwe haina njia.

Shangazi akauliza, "Na kwenye ile ya bahari yote, nitaandikwa?"

"Kwenye ile, mama, hata Msambweni haimo."

Masika yakaja, ukuta wa mzee ukabambuka. Nilitumwa nikamwambie, akajibu kwamba chokaa imemwishia. Shangazi alijitanda kanga yake, akachukua ndoo yetu ya chokaa, akapanda kilimani mwenyewe. Niliwakuta mzee yuko juu ya ngazi na shangazi chini, hawajaamkiana.

"Umeruka pale kushoto," shangazi alikuwa akisema.

"Nimepaona," mzee akasema, akachovya brashi.